DARAJA LA KYAKA NA WATU WA NG'AMBO

Na mwanafunzi wa zamani, 1976–1979

Kamati ya mkutano wetu iliniomba niandike juu ya historia ya shule. Nimeona katika orodha ya makala kwamba wenzangu watatu wamekwisha kuandika juu ya mabweni, juu ya walimu wa zamani, na juu ya timu ya mpira iliyotutoa kimasomaso. Sina la kuwaongezea hao. Kwa hiyo naomba ruhusa ya ndugu Mhariri niwatoe wasomaji nje ya lango la shule, tushike barabara ya Mutukula kama kilomita 50 kutoka Bukoba mjini, mpaka mahali barabara inapoteremka na kuukuta mto Kagera. Hapo pana daraja. Si daraja kubwa. Mgeni aliyelala ndani ya basi atalivuka asijue kuwa amelivuka. Lakini katika mkoa wetu hakuna mahali padogo palipobeba mambo makubwa kama pale, na katika shule yetu walikuwapo vijana ambao maisha yao yalikatwa vipande viwili siku daraja lile lilipokatwa.

Wale tuliokuwa pamoja miaka ile mtakumbuka kwamba bwenini tulikuwa na makundi yetu. Walikuwako wa Kiziba, wa Kianja, wa Ihangiro, wa Karagwe, na wachache kutoka Biharamulo na Ngara waliotucheka kwa kusema kwetu. Halafu tulikuwako sisi, ambao hatukuitwa kwa jina la utawala wowote wa zamani. Tuliitwa "watu wa ng'ambo". Maana yake tulitoka kaskazini ya mto, upande wa Bunazi, Minziro, Kakunyu na Mutukula. Jina hilo halikuwa tusi, nasi hatukulichukia, ila lilikuwa na maana ambayo sote hatukuifikiri wakati ule. Ng'ambo ya nini? Ng'ambo ya mto, bila shaka. Lakini kuna mtu mmoja aliyekuwa tayari kusema kwamba ng'ambo ya mto ni nchi nyingine, na kwa neno hilo watu wengi wakafa.

Yafaa tuanze na ramani, maana ugomvi wote ulianzia kwenye karatasi. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya namna ya kugawana sehemu zetu hizi. Magharibi ya Ziwa Victoria walipiga mstari mnyoofu katika nyuzi 1 kusini ya Ikweta. Kaskazini ikawa ya Mwingereza, kusini ikawa ya Mjerumani. Mstari haukuuliza mto unapita wapi. Nao mto Kagera, ambao ni mkubwa kuliko yote inayoingia katika Ziwa Victoria, una tabia yake: hutoka kusini, hupanda kaskazini kwa kuambaa Rwanda, halafu hugeuka mashariki, hupita Kyaka, na mwishoni huuvuka mstari ule na kuingia ziwani upande wa Uganda. Basi kati ya mstari na mto likabaki pande la ardhi, eneo la kilomita za mraba 1,800 hivi, ambalo kwa sheria ni la kusini lakini kwa maji ni la kaskazini. Kutoka darajani mpaka Mutukula, mpakani penyewe, ni kama kilomita 30. Ndiko nilikozaliwa.

Mtu akitazama ramani hiyo bila kuwajua watu, atadhani kweli mto ndio mpaka wa haki. Ni mpana, una mkondo wenye nguvu, kingo zake zina mafunjo, na mamba na viboko wamo. Katika Vita Kuu ya Kwanza sehemu hizi zilikuwa mstari wa mbele kati ya Waingereza wa Uganda na Wajerumani wa Bukoba, mpaka Waingereza walipokuja kwa meli mwezi Juni 1915 na kuushambulia mji wa Bukoba wenyewe. Askari hupenda mito. Mto humpa kamanda mahali pa kusimama na kusema, hapa ni mwisho wangu.

Raia hapendi hivyo. Raia akifika mtoni hutafuta pa kuvukia. Wazee wetu walivuka kwa mitumbwi, wakilipa kwa walichokuwa nacho, na walioana ng'ambo na huku bila kuwauliza wapima ramani. Lilipokuja daraja, mambo yaliyokuwa yakifanyika kwa hofu na kwa msimu yakawa ya kila siku. Kahawa ya ng'ambo ilivuka kwenda kuuzwa Bukoba. Ndizi zilivuka juu ya baiskeli, mikungu imefungwa pande zote mbili hata mwenye baiskeli haonekani. Wagonjwa walivushwa kwenda hospitali. Bibi arusi alivushwa na wapiga ngoma wake. Na kila mwezi wa Januari, vijana wachache walivuka na masanduku yao ya bati kichwani mwa utingo, kuja shuleni kwetu.

Kwa upande mwingine, barabara ile ile ilitupeleka Masaka na Kampala. Wahaya wengi wa vizazi vilivyotutangulia walikwenda Buganda kutafuta kazi, na wengine walikwenda Makerere kutafuta elimu. Nyumbani kwetu redio ilishika Kampala vizuri kuliko ilivyoshika Dar es Salaam. Nasema haya ili msomaji kijana asidhani kwamba watu wa ng'ambo tulikuwa Watanzania kwa sababu ya kutoijua Uganda. Tuliijua sana. Tulikuwa na jamaa huko, tulisikilizana lugha, na sukari ilipokosekana huku tuliitafuta huko. Utanzania wetu haukutoka katika mstari wa 1890 tu. Ulitoka katika kuvuka mto mara kwa mara kuelekea kusini, kwenda kuuza, kutibiwa, kusoma na kushitakiana. Serikali ya mtu iko kule anakokwenda kushitaki.

Naomba niingize jambo moja la pembeni. Mwezi Septemba 1978 jarida moja la sayansi la Marekani lilichapisha utafiti wa mabwana Schmidt na Avery, wakionyesha kwamba mababu wa sehemu zetu za ziwani walikuwa wakiyeyusha chuma cha hali ya juu sana, chenye kaboni ya chuma cha pua, yapata miaka 1,500 mpaka 2,000 iliyopita. Ulimwengu ukashangaa kusikia habari za Wahaya. Wiki chache baadaye ulimwengu ukasikia habari za Wahaya kwa mara ya pili, na safari hii ilikuwa chuma cha watu wengine, kikija juu ya minyororo ya vifaru.

Dalili zilikuwako tangu zamani. Idi Amin alitwaa madaraka Uganda mwezi Januari 1971, na Mwalimu alikataa kumtambua, akampokea Milton Obote. Tarehe 17 Septemba 1972 wapiganaji wa Obote waliingia Uganda kutoka kwetu, wengine wakipitia Mutukula, wakashindwa. Ndege za Amin zikajibu kwa kupiga mabomu Bukoba na Mwanza. Mwezi Oktoba mwaka ule nchi mbili zilipatana Mogadishu kwamba kila moja iondoe majeshi yake kilomita 10 kutoka mpakani. Kwa hiyo sisi watoto wa ng'ambo tulikua katika nchi iliyokuwa na askari wachache sana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, barabara ya Masaka ikazidi kunyamaza, ikabaki ya wafanya magendo.

Mwezi Oktoba 1978 ndege zilirudi Bukoba. Mabomu yaliharibu kidogo, hofu ikaharibu zaidi, na wengi wakaanza kuuhama mji. Majeshi ya Uganda yalijaribu kupita Mutukula kwenye tarehe 25 yakarudishwa. Tarehe 30 Oktoba yalikuja kwa maelfu, na vifaru, na magari ya deraya, na safari hii hapakuwa na wa kuyazuia. Yaliteremka ile barabara yetu yote mpaka mtoni. Halafu yakasimama. Hayakuvuka daraja.

Kusimama kule ndiko kunakoeleza kila kitu. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto ni ya Uganda tangu siku hiyo, na kwamba mto ndio mpaka mpya. Kama mto ni mpaka, basi daraja ni nini? Daraja ni shahidi wa upande wa pili, tena shahidi asiyenyamaza, kwa sababu kila aonaye njia ikipita juu ya maji hujua kuwa huku na kule ni kwa mwenyewe mmoja. Bila shaka makamanda wake walikuwa na sababu ya kijeshi: lilikuwa daraja pekee la magari katika sehemu ile, na waliogopa kwamba majeshi yetu yatalitumia kurudi. Sibishi. Ila naona sababu mbili hizo ni moja. Aliyetaka kuufanya mto uwe mpaka alikuwa hana budi kulivunja daraja kwanza.

Walianza kwa ndege. Ndege zao zilikuja kulipiga, zikapigwa na mizinga yetu ya kutungulia iliyokuwa ng'ambo ya kusini, na nyingine hazikurudi. Daraja likabaki limesimama. Ndipo wakamleta mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya shaba ya Kilembe, kule chini ya milima ya Ruwenzori. Huyu alikuwa mtu wa kazi. Rubani hutupa bomu kutoka mbali na kuomba bahati, lakini mpasua miamba hujua mahali mzigo unapokaa, na huiweka baruti palepale. Tarehe 3 Novemba 1978 daraja la Kyaka liliingia majini.

Siku moja kabla yake, tarehe 2, Mwalimu alikuwa amezungumza na taifa, akasema kwamba sababu ya kumpiga nduli ipo, nia ipo, na uwezo upo. Wengi wenu mnakumbuka mlipokuwa mmesimama mliposikia hotuba ile. Bwenini kwetu kulikuwa na redio moja. Wenzetu walipiga makofi, wengine wakaruka juu ya vitanda. Sisi wa ng'ambo tulikuwa saba, nasi tulipiga makofi pia, lakini baada ya makofi tulikaa pamoja kwenye kitanda kimoja bila kusema. Kesho yake habari za daraja zikafika. Kijana mmoja wetu, mdogo kuliko sote, aliuliza swali ambalo sijalisahau: "Sasa barua zitapita wapi?"

Hazikupita. Kwa majuma mengi hatukujua nani alivuka kabla ya tarehe 30 na nani alibaki. Habari zilikuja kwa vipande kutoka kwa waliovuka mto usiku kwa mitumbwi, kutoka kwa madereva, kutoka kwa mtu aliyemwona mtu. Waandishi wa vita ile husema kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa katika ardhi iliyotekwa, na wengine wengi wakachukuliwa mateka. Ng'ombe waliswagwa kwa maelfu kwenda Uganda. Kiwanda cha sukari na kile cha mbao viliporwa. Ulikuwa msimu wa senene, na nakumbuka jioni moja senene walishuka shuleni kwa wingi kama mvua, vijana wote wakatoka na ndoo na mashuka, na sisi saba pia tukatoka, tukakamata, tukakaanga, tukala. Mtu mwenye msiba hula. Hilo nalo nalisema kwa sababu vijana wa leo wanadhani vita ni mashujaa na mabomu tu.

Shule ilipofungwa mwezi Desemba hatukuwa na pa kwenda. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kwa maoni yangu lingestahili kuandikwa ukutani katika jumba la chakula. Hapakuitwa mkutano, wala mwalimu hakutoa amri. Wenzetu walitugawana. Wawili walichukuliwa Kamachumu, wawili Muhutwe, mmoja Kanyigo, mmoja Katoma. Mimi nilichukuliwa na mwenzangu wa dawati moja, ambaye baba yake aliniambia siku ya kwanza, "Mwanangu, hapa huna ugeni, jembe liko kule." Nililima migomba yake mpaka Januari. Wengi wa waliotupokea wamekwisha kufariki. Watoto wao, ambao ni wanachama wa chama chetu, watajijua.

Wakati huo jeshi letu lilikuwa likisogea. Msomaji asiyejua jiografia ya mkoa wetu huuliza kwa nini lilichelewa. Reli haifiki Bukoba. Majeshi makubwa yalikuwa mbali, na njia zilikuwa mbili: kuzunguka ziwa kwa barabara mbovu, au kwenda Mwanza kwa treni na kuvuka ziwa kwa meli. Mabasi na malori ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kubeba askari. Yote hayo yaliishia kwenye kingo za kusini za Kagera, penye mkondo na mamba, na ng'ambo adui amejichimbia. Mizinga ilianza kusema kabla ya katikati ya Novemba. Ndipo Waganda walipoyajua makombora ya Katyusha, wakayapa jina la "Saba Saba", na nasikia wako wazee Masaka ambao hata leo hawalipendi jina hilo.

Katika nusu ya pili ya Novemba wahandisi wa jeshi waliweka daraja la kuelea chini kabisa ya mabaki ya daraja lililovunjwa. Naomba nisimame kidogo hapa, kwa sababu katika vitabu jambo hili hupewa mstari mmoja. Daraja la kuelea ni vyombo vitupu vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, vikafungwa pamoja, na juu yake ikawekwa njia. Katika ziwa tulivu kazi si kubwa. Katika mto wenye mkondo, kila chombo kinataka kwenda zake, na daraja zima linataka kupinda kama upinde. Ni lazima lishikwe kwa nanga na kamba kutoka upande wa juu. Uzito wa gari ukiingia, chombo kimoja huzama kidogo, kingine huinuka, na dereva huambiwa aende polepole wala asikanyage breki ghafula. Wale vijana walifanya kazi hiyo chini ya vyuma vilivyopinda vya daraja la zamani, wakijua adui anaweza kurudi. Jeshi likavuka. Mwanzoni mwa 1979 ardhi yote ya ng'ambo ilikuwa imerudi. Mutukula ilitekwa tarehe 21 na 22 Januari, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Mengine mnayajua.

Mimi nilirudi nyumbani likizo ya kwanza iliyoruhusu. Tulishuka kwenye lori upande wa kusini, tukavuka kwa miguu. Kijiji kilikuwapo na hakikuwapo. Nyumba zilisimama bila mabati, bila milango, bila fremu za madirisha. Migomba ilikuwa imeanguka kwa kukosa mikono ya kuipogoa. Baba na mama walikuwa wamevuka tarehe 29 Oktoba na wadogo zangu, wakakaa kambini, wakaokoka. Baba mkubwa alikataa kuvuka. Alisema mtu mzima hawezi kuiacha kahawa ikiwa mitini. Hatukumwona tena, na hatukuona kaburi. Kila mtu wa ng'ambo wa rika langu ana mtu wa namna hiyo. Kwetu msiba usio na kaburi hauna mahali pa kuketi.

Baadaye nilipokuwa mtu mzima nilisoma habari moja iliyonifikirisha sana. Mwaka 1964, katika mkutano wa wakuu wa nchi huru za Afrika uliofanyika Cairo, lilipitishwa azimio kwamba kila nchi iiheshimu mipaka aliyoiacha mkoloni. Mwalimu Nyerere alikuwa mmoja wa waliolisukuma sana. Wako wanaoona kichekesho hapo, kwamba damu ya Waafrika ilimwagika kuutetea mstari wa Wajerumani na Waingereza. Mimi nimekulia juu ya mstari huo na sioni kichekesho. Mstari ulikuwa wa kijinga mwaka 1890. Kufika 1978 ulikuwa umezungushiwa maisha ya watu: shule, soko, kanisa, msikiti, mahakama, na daraja. Aliyetaka kuusogeza mpaka kilomita 30 alikuwa anawasogeza watu, na watu hawasogei kama wino.

Kutoka vita ile mengi yamebadilika jina. Mkoa wetu, uliokuwa Ziwa Magharibi tulipoandikishwa shuleni, uliitwa Kagera tangu 1979, na hivyo mto ukapanda cheo. Ng'ambo yetu nayo, pamoja na sehemu za Kiziba, ikawa wilaya ya Misenyi mwaka 2007, makao yake Bunazi, kwa hiyo sasa wako watu wa kusini ya mto wanaovuka kuja kwetu kushitaki. Nakiri kwamba jambo hilo hunifurahisha. Barabara ya Mutukula ni ya lami. Kwenye mpaka wenyewe, tarehe 9 Novemba 2017, Rais Magufuli na Rais Museveni walifungua kituo cha pamoja cha forodha, ili lori lisimame mara moja badala ya mara mbili. Juu zaidi ya mto, daraja jipya la Kitengule limeifungua njia ya kati ya Misenyi na Karagwe. Na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443, litokalo Hoima kwenda Chongoleani, Tanga, linaingia Tanzania kwa kupita katika wilaya yetu hii hii. Kila litokalo Uganda na kwenda baharini kwa upande wetu hulazimika kuupita Kagera.

Sasa nije kwenye jambo la urithi, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Makaburi ya mashujaa wetu yako Kaboya, wilayani Muleba, yanatunzwa kwa heshima, na hiyo ni haki. Karibu na Kyaka kuna magofu ya kanisa lililobomolewa katika mapigano. Kuta zake zimeachwa, na wasafiri husimama kupiga picha. Lakini mtoni penyewe, mahali ambapo nchi ilikatwa na ambapo iliungwa, watu hupita tu. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda bila kuulizwa majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kitu cha baadaye hakilindwi mpaka Waziri akitangaze. Kwa kipimo hicho boma la Mjerumani lenyewe linahitaji kutangazwa, sembuse daraja la barabara la vijijini lililolipuliwa mwaka 1978. Watu wakisikia neno urithi hufikiri nyumba za mawe za Kilwa na michoro ya Kondoa. Mahali pa daraja hapana uzuri wa namna hiyo. Ni barabara, ni maji ya rangi ya chai ya maziwa, ni mafunjo.

Napendekeza kwa Kamati mambo mawili, na nimekwisha kumwambia Katibu kwamba nitachangia gharama. La kwanza, chama chetu kiandike rasmi kwa halmashauri ya wilaya, ili pawekwe bamba lenye tarehe tatu: tarehe 30 Oktoba, waliposimama, tarehe 3 Novemba, lilipoanguka, na ile ya Novemba ambayo jeshi letu lilivuka, kama itakavyothibitishwa na Jeshi lenyewe. Maneno yawe ya Kiswahili na ya Kihaya. La pili ni la haraka zaidi, kwa sababu bamba linaweza kungoja na wazee hawawezi. Waliokuwa watu wazima mwaka 1978 sasa wana miaka 65 na zaidi. Kila mwanachama mwenye mzazi, shangazi au jirani aliyevuka mto wiki ile amsikilize, amrekodi kwa lugha anayoisema nyumbani, wala asimkatize anapoanza na habari za ng'ombe.

Tena, kama kuna mwenzetu ambaye kwao imebaki picha ya daraja la zamani kabla halijalipuliwa, hata ikiwa ni picha ya arusi ambayo daraja limeonekana nyuma tu, aje nayo kwenye mkutano. Tutaipiga nakala palepale na kumrudishia yake. Na wale saba wa bweni letu, tumebaki wanne. Watatu wamethibitisha kuja. Wa nne yuko Mutukula, na amesema atakuja mvua ikimruhusu, akipitia Kyaka.